Kichwa Kisiiname: Kukaza na Kulegeza Stendi ya Kamera Pwani ya Kusini

Diani jua huchomoza baharini, kwa hiyo alfajiri haikosi mpiga picha. Kuanzia saa kumi na mbili hadi kumi na mbili na nusu, kutegemea mwezi, utawakuta wametawanyika ufukweni kutoka Kongo mpaka Galu, stendi za miguu mitatu zimechomekwa mchangani na lenzi zote zinatazama mashariki. Simama nyuma yao, utazame mikono yao badala ya bahari. Mtu ameipanga picha yake vizuri: upeo umelala sawa, ngalawa ipo pale alipoitaka. Anakaza skrubu, anaachia. Kamera inainama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, na upeo unapanda juu ya picha. Anailegeza, anaiinua, anakaza tena mpaka mishipa ya mkono inamsimama. Anaachia, inainama tena. Jua nalo halimngoji.

Nimekaa na vijana wengi wa Ukunda na Msambweni walioianza kazi hii kwa kamera ya kuazima na stendi ya bei ndogo, na karibu wote walikuja na lalamiko hilo hilo: stendi yangu haishiki. Wengine walikuwa tayari kuuza walichonacho wanunue kubwa zaidi. Mara nyingi stendi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kulichukulia kufuli kuwa ndilo linalobeba kamera. Kubeba ni kazi ya mizani. Kufuli linakuja mwisho, kushika kitu ambacho tayari kimetulia chenyewe. Mtu akilielewa hilo, hata ule ubishi wa nani anakaza sana na nani anaacha legelege ataufuata bila kupotea.

Gololi ndani ya kikombe

Chukua kichwa kinachoonekana zaidi siku hizi, ambacho mimi hukiita kichwa cha gololi kwa kuwa ndivyo kilivyo: gololi moja kubwa imekaa ndani ya kikombe, na juu yake kimetoka kijiti kinachobeba kamera. Ukizungusha skrubu ya kukazia, kipande kilichofichwa ndani husukumwa kikaibana gololi kwenye kuta za kikombe. Hamna jino linaloingia kwenye tundu, wala komeo. Tunaliita kufuli kwa mazoea tu, maana kinachoshika ni msuguano peke yake.

Na msuguano una kikomo chake. Tuseme kamera na lenzi ndefu ni kilo 3, na uzito huo umeelemea sentimita 10 mbele ya gololi. Tatu mara kumi, thelathini. Gololi ya kipenyo cha milimita 40 ina sentimita 2 tu kutoka kitovuni hadi ukingoni. Gawanya 30 kwa 2, utaona msuguano unadaiwa nguvu ya kilo 15 kwenye ngozi ya gololi, kwa kamera ya kilo 3. Ukichukua kichwa chenye gololi ya milimita 54, deni hilo linashuka hadi kilo 11 hivi. Ndiyo sababu gololi kubwa zinasifiwa, na bei yake inapanda. Lakini sogeza lenzi nyuma mpaka uzito ukae juu ya gololi yenyewe, na deni linakaribia sufuri. Hapo kichwa cha bei nafuu kinafanya kazi ya kichwa cha mshahara wa miezi miwili.

Kuusogeza uzito ni rahisi. Lenzi ndefu nyingi huja na mguu wake chini, karibu na katikati ya mzigo wote. Funga stendi kwenye mguu huo wa lenzi, usiifunge chini ya kamera. Nimeona watu wakifunga chini ya kamera kwa sababu tu pleti ilikuwa tayari imekaa hapo tangu jana, na lenzi nzima ikaning'inia mbele kama tawi lenye dafu. Ikiwa lenzi haina mguu, tafuta pleti ndefu inayoteleza mbele na nyuma, iweke chini ya kamera, uisukume nyuma. Kisha jaribu: mkono mmoja ushike kamera sawasawa, mwingine ulegeze kufuli taratibu, uhisi inataka kwenda wapi. Ikitaka kwenda mbele, rudisha nyuma. Ikitaka kurudi nyuma, sogeza mbele. Endelea mpaka isitake kwenda popote.

Huo mkono wa kushika usiuache kamwe. Gololi ikilegezwa hulegea pande zote kwa mara moja, na lenzi nzito hushuka ghafla na kubana kidole kati ya pleti na ukingo wa kikombe. Mimi ukucha wa kidole gumba ulikwenda hivyo, Galu, na lenzi ikagonga mguu wa stendi. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto hutangulia kwenye kamera ndipo wa kulia uguse skrubu, hata nikiwa na kamera ndogo isiyo na madhara.

Sasa kule kuinama kidogo baada ya kuachia. Hata kwenye kichwa kizuri hakukosekani kabisa, na chanzo chake si uzembe wa kufuli. Ulipokuwa ukipanga picha, mkono wako ulikuwa umeibeba kamera. Ulipoachia, uzito ukashuka kwenye kila kiungo chenye nafasi: raba ya pleti ikabonyea, skrubu ikakaa, miguu ikapinda unywele mmoja. Dawa yake ni kuviacha viungo hivyo vikae kabla ya kukaza. Kaza nusu, kiasi cha kamera kusimama yenyewe lakini bado inasogezeka kwa kusukumwa. Panga picha. Ondoa mikono yote miwili, iache itulie kwa pumzi mbili, sahihisha kwa kidole, ndipo umalizie kukaza. Vichwa vizuri vya gololi vina skrubu ndogo ya pili kwa kazi hii hasa, ya kuweka uzito wa msuguano wa kuanzia. Wengi huiacha bila kuigusa wakidhani ni ya akiba. Kwangu hiyo ndiyo skrubu yenye thamani kuliko zote, na nikipewa kichwa cha kuazima naiangalia hiyo kwanza.

Kabla ya kulilaumu kufuli, kagua mambo mengine mawili. Kwanza, skrubu inayoingia chini ya kamera, ya robo inchi, ikiwa haijakaza vizuri, kamera hugeuka juu ya pleti huku kichwa kimesimama imara. Pili, kichwa chenyewe kimefungwa kwenye miguu kwa skrubu nene zaidi, mara nyingi ya tatu ya nane ya inchi, na ukizoea kuzungusha kamera kinyume cha saa huku kufuli la mzunguko limekazwa, unakifungua kichwa kidogo kidogo bila kujua. Shika kichwa kwa chini, kizungushe kwa nguvu kufuata saa. Stendi kadhaa nilizoletewa nikiambiwa zimekufa zilifufuka hapo.

Bunduki ya Shimba

Wapiga picha hawako peke yao katika shida hii. Siku moja tulikuwa juu kwenye Hifadhi ya Shimba tukisubiri palahala watoke kichakani (Kenya nzima hawapatikani porini ila kwenye hifadhi hiyo), na mzee mmoja aliyestaafu uaskari wa wanyamapori akawa ananitazama nikihangaika na upeo uliolala upande. Akaniambia, "Mwanangu, hata bunduki ina ugonjwa huo." Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na vijana wa leo Kwale hawajui kulenga mnyama ila kwa lenzi, lakini mzee alijifunza kulenga shabaha kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya mwalimu yeyote wa picha niliyemsikia.

Bunduki ya kulengea mbali huwekwa juu ya miguu miwili ya mbele, mlengaji akiwa amelala kifudifudi. Ardhi haiko sawa kama sakafu: mguu mmoja hukanyaga jiwe, mwingine ukaingia shimoni, na bunduki ikalalia upande. Ikilalia kulia, marekebisho ya darubini yaliyowekwa ili risasi iende juu yamelala kulia pia, na risasi ya mbali itatua kulia na chini kidogo ya alama. Kwa hiyo miguu mingi ina kiungo kinachoiruhusu bunduki ipinduke kushoto na kulia juu yake mpaka isimame wima, na kwenye kiungo hicho pana nati au mkono wa kukazia. Kampuni ya Harris ya Marekani, ambayo miguu yake imezoeleka sana kwa walengaji, huuza aina zote mbili: isiyopinduka kabisa, na inayopinduka yenye nati ya kukaza. Nati hiyo inafanya kile kile kinachofanywa na skrubu ya gololi. Inabana nyuso mbili zisiteleze kirahisi.

Walengaji hawakubaliani. Wako wanaokaza mpaka mwisho. Wanataka bunduki ibaki wima hata wakiondoa mkono kubadili risasi, na mshindo wa risasi usiibadilishe ilivyokaa. Wengine hukaza nusu tu, bunduki isianguke yenyewe lakini ikubali kusukumwa na bega, ili mtu arekebishe akitazama kitone cha pima maji kilichofungwa kwenye darubini, bila kuinuka wala kuupeleka mkono mbele. Na wako waliochoka kuitafuta nati ndogo gizani au kwa vidole vyenye jasho, wakaitoa na kuweka mkono mrefu wa kukazia, ili robo ya mzunguko itoshe. Mzee alikuwa wa kundi la katikati. "Kama shabaha imesimama na mimi nimelala palepale mchana kutwa, nakaza. Kama sijui itatokea wapi, naacha nusu."

Ubishi wa wapiga picha ni huo huo.

Kila kazi na kukaza kwake

Anza na kisichosogea. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, ni wa mawe, una umri wa karne nyingi, na mibuyu iliyouzunguka haina haraka. Hapo kichwa cha gololi kinachosha, kwa sababu ukikilegeza ili urekebishe mlalo wa kulia, mwinamo wa mbele nao unapotea, na kuta zinazopaswa kusimama wima zinaanza kuegemeana. Kwa majengo mimi hupendelea kichwa cha mikono mitatu: mkono mmoja wa kuinamisha mbele na nyuma, mmoja wa kulaza kushoto na kulia, mmoja wa kuzungusha, kila mmoja na kufuli lake. Unaweka pima maji, unakaza mlalo na kuusahau, unabaki na mwinamo. Ni polepole na kizito begani, na vijana hukiona cha kizamani. Lakini fundi muashi naye hushika timazi na pima maji kwa zamu yake, hashiki vyote mara moja, na kuta zake zinasimama. Ukiwa hapo, kumbuka ni nyumba ya ibada: omba ruhusa, na stendi isikae njiani kwa wanaoingia.

Palahala ni kati na kati. Hula nyasi, hunyanyua kichwa, husimama akikutazama kwa muda wa kutosha, kisha huondoka bila kuaga. Kwa mnyama wa namna hiyo, gololi iliyokazwa nusu inatosha. Unamfuata taratibu kwa kusukuma, na akisimama unamalizia kukaza kwa vidole viwili. Kama huna uwezo wa kununua zaidi ya kichwa kimoja, nunua cha gololi chenye skrubu ya pili ya msuguano, na usiruhusu mtu akuaibishe kwa hilo.

Mbega ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiye anayewaleta wapiga picha wengi Diani. Tangu 1997 kuna shirika la Colobus Conservation linalowalinda, na juu ya barabara ya Diani wamening'iniza madaraja ya kamba ili mbega na wenzake wavuke bila kukanyagwa na magari. Ukitaka picha ya mbega anavuka, au anaruka kutoka mti hadi mti na ule mkia mrefu wenye ncha nyeupe, lazima lenzi iangalie juu sana. Na hapo ndipo gololi inapokusaliti hata kama uliiweka kwenye mizani vizuri. Kamera imekaa juu ya gololi, haiko ndani yake. Ikiwa sawa, uzito umesimama juu ya kitovu, lakini ukiiinua mdomo, uzito wote unahamia nyuma na unataka kuanguka huko. Kadiri unavyoinua ndivyo inavyozidi kuelemea. Kwa hiyo unakaza, na ukishakaza mbega ameruka.

Dawa yake ni kichwa cha bembea, wengine husema gimbali. Kina mkono unaoshuka pembeni ukaibeba lenzi chini kama kiti cha bembea, ili kitovu cha uzito kikae kwenye mhimili wenyewe wa kuzunguka. Kikipangwa sawa, ukiinua lenzi digrii 60 ukaachia, inabaki palepale. Ukiinamisha inabaki palepale, na makufuli yote yamefunguliwa. Ndivyo kinavyotumika: kufuli ni la kubebea njiani tu, lisifungwe unapomfuata mnyama. Kukipanga kuna hatua mbili, na watu huiruka ya pili. Kwanza sogeza lenzi mbele na nyuma kwenye pleti mpaka isimame ikiwa imelala sawa. Kisha iinue mdomo juu, uachie. Ikiendelea kwenda yenyewe, lenzi iko juu mno. Shusha kile kibao kinachoibeba. Ikirudi chini, pandisha. Hii ya pili ndiyo inayokuokoa kwa mbega, kwa kuwa hakuna mbega anayekaa usawa wa macho.

Wanaopiga video, hasa wa harusi za ufukweni, wana lugha yao. Kichwa cha video kina mafuta mazito ndani, na kuzunguka kwake kuna ukinzani laini. Kizuri huwa na springi pia ya kuirudisha kamera inapoinama. Kuna skrubu ya ukinzani na kuna kufuli, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akikaza ile ya ukinzani mpaka mwisho akitaka kamera isimame. Haitasimama vizuri, na akiendelea hivyo mwaka mzima kichwa kinaanza kuruka-ruka badala ya kuteleza. Skrubu ya ukinzani iwe pale unapohitaji wakati bibi harusi anatembea. Kufuli lifungwe pale tu unapoiacha kamera peke yake ukaenda kupiga na nyingine.

Chomboni, kwenda Kisite au kuzunguka Wasini kutafuta pomboo, stendi ibaki nyumbani. Miguu mitatu juu ya sitaha hupokea kila mtikisiko wa injini na kila wimbi na kuupandisha kwenye kamera, wakati magoti na kiuno chako vingeumeza. Kwenye msitu wa Kaya Kinondo nako stendi haina kazi: utavishwa kaniki, utaongozwa na mwenyeji, na yeye ndiye atakayekuambia ni wapi kamera inaruhusiwa kutoka kwenye mfuko. Msikilize.

Mchanga, mbao na kusi

Kufuli zuri juu ya miguu inayozama halina maana. Mchanga wa Diani ni laini kama unga, na maji yakitoka tu juu yake huwa bado yanachuja. Ukisimamisha stendi hapo, kila wimbi linalofika linakula mchanga chini ya mguu na kamera inashuka milimita baada ya milimita. Utaapa kuwa kichwa kinateleza. Chomeka miguu kwa nguvu, izungushe kama unatwanga, iingie mpaka ikatae. Palipo na mchanga mkavu na mwingi, mimi huweka kifuu kilichopinduliwa chini ya kila mguu. Nazi hazikosekani, na kifuu kinausambaza uzito vizuri kuliko vikombe vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Jua maji yako. Mwezi mpevu huleta bamvua, na pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alasiri, kama saa kumi au kumi na moja. Mwezi unapochomoza baharini jioni hiyo, saa kumi na mbili na kitu, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi na ufukwe uliobaki ni ukanda mwembamba wenye mchanga ulioloa. Sogea juu, karibu na mizizi ya mikadi, upoteze hatua kumi za mbele lakini upate ardhi iliyokaa. Fanya haraka pia: mwezi husogea angani upana wake mzima kwa dakika mbili hivi, na kwa lenzi ya milimita 500 unauona ukitoka kwenye picha. Hii ni kazi ya kukaza nusu, kurekebisha, kumalizia, kupiga, na kuanza upya. Tumia saa ya kamera ya sekunde mbili, ili mkono wako usiwe juu yake shata inapofunguka.

Miezi ya kusi upepo hautulii. Teremsha nguzo ya katikati, usiipandishe kwa uvivu wa kurefusha miguu, kwa kuwa kijiti kimoja kirefu juu ya miguu mitatu hutikisika kama mwanzi. Refusha kwanza vipande vinene vya miguu, vyembamba vibaki ndani. Tundika mfuko wa mchanga chini ya nguzo, lakini uache uguse ardhi, la sivyo upepo utaubembeza nao utaibembeza kamera.

Gazi pana daraja la mbao ndani ya mikoko, linaloendeshwa na akina mama wa kijiji, na ni mojawapo ya mahali pazuri kabisa pa kupiga picha kutoka Diani hadi Msambweni. Mbao hizo zinahisi kila hatua. Mtu akitembea hatua ishirini mbali, picha yako ya nusu sekunde imeharibika, na hakuna kufuli duniani litakalozuia. Simamisha miguu juu ya nguzo zilizozama kwenye matope, usisimamishe katikati ya ubao. Wewe mwenyewe simama usitikisike, na usubiri wageni wafike mwisho wa daraja. Waambie wenyeji wako unachofanya. Mara nyingi watawashikilia wageni kwa dakika moja ukiomba kwa adabu.

Chumvi

Stendi nyingi pwani hufa kwa chumvi kabla ya kuchakaa. Ukitoka ufukweni, fungua vipande vyote vya miguu, vimwagie maji baridi yasiyo na chumvi, vianike kivulini vikiwa vimefunguliwa. Miguu ya kufunga kwa kuzungusha huwa na nyuzi ndani zinazonasa mchanga; ukisikia mkwaruzo, usiilazimishe, ifungue yote uioshe. Ya klipu husamehe zaidi, na kwa anayepiga ufukweni kila siku ningemwambia achukue ya klipu ingawa si nzuri kutazama.

Kichwa usikitie majini. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Na gololi usiipake mafuta. Najua inavyokushawishi ikianza kukwama, lakini gololi inafanya kazi kwa msuguano, na ukiitelezesha umeondoa kile kile unachokitegemea. Juu ya hayo mafuta hukusanya mchanga, na mchanga hukwaruza gololi mistari ambayo haiondoki. Ifute mpaka ing'ae.

Ukienda dukani Mombasa kununua kichwa, nenda na kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote. Namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi isikubabaishe, maana haikuambii uzito huo ulielemea mbele kwa sentimita ngapi. Funga kamera, elekeza kwenye bawaba ya mlango iliyo mbali, kuza picha kwenye kioo cha nyuma, kaza kama kawaida yako, uachie. Tazama bawaba imesogea kiasi gani. Subiri dakika tano ukizungumza na mwenye duka, utazame tena: ikiwa bado inashuka, hicho si kichwa chako. Kisha legeza nusu, uzungushe polepole, uhisi kama kinateleza au kinaruka. Fanya hivyo kwa vidole vilivyoloa maji kidogo, ujue kama skrubu utaishika siku ya jasho.

Ukikifikisha nyumbani, legeza makufuli yote kabla ya kukiweka kabatini, ili vile vipande vinavyobana gololi visikae vimekandamizwa usiku kucha na wiki nzima.